Mpiga gitaa wa Tabora aliyeitwa ziarani: adai nini, abebe nini, ajiandae vipi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 24, naishi Isevya, Tabora mjini. Napiga solo kwenye kwaya yetu ya kanisani, na Jumamosi napiga kwenye harusi. Wiki hii nimepigiwa simu na meneja wa mwimbaji mmoja wa bongo fleva wa Dar es Salaam. Wanataka mpiga gitaa wa ziara ya wiki tatu: shoo 9, nyimbo 18, kuanzia Morogoro na kuishia Kigoma. Mazoezi yataanza Dar baada ya siku 14. Mimi napiga kwa kusikia, ila sol-fa za kwaya nazisoma. Sijui nidai kiasi gani, nibebe nini, na kama nihamie Dar moja kwa moja. Na je, mtu anaweza kuishi kwa kuwapigia wengine gitaa, studio na safarini, bila yeye mwenyewe kuwa staa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yanategemea jibu lake.

Ndiyo, watu wanaishi kwa kazi hiyo, na wengine wamezeekea humo. Ukisikiliza rekodi za soukous, dansi la Kikongo, zilizotoka Paris miaka ya 1980, majina ya waimbaji yanabadilika lakini magitaa ni ya watu walewale: Diblo Dibala, Rigo Star, Dally Kimoko, Lokassa ya Mbongo. Huyo Lokassa mtazame kwa makini, kwa sababu jina lake alilijenga kwa rizimu, yaani gitaa la kusindikiza, si kwa solo. Marekani, Tommy Tedesco alipiga gitaa studio za Los Angeles kwenye rekodi na filamu nyingi mno, na watu wengi walioisikia kazi yake hawakuwahi kulijua jina lake. Wote hao walikuwa wanauza kitu kimoja: uhakika. Anayekuita leo hatafuti mtu wa kumshangaza. Anatafuta mtu atakayefika kwa wakati, anayezijua nyimbo 18 tangu siku ya kwanza ya mazoezi, ambaye gitaa lake halitakatika sauti katikati ya shoo. Ukimpa hivyo atakuita tena, na riziki ya kazi hii iko kwenye kuitwa mara ya pili.

Mazingira yamebadilika pia, na lazima ulijue hili kabla hujataja bei. Mji wako uliwahi kuwa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz. Enzi zile mpiga gitaa alikuwa mtu wa bendi, na vyombo kwa kawaida vilikuwa vya bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Leo wewe ni fundi wa kujitegemea. Gitaa ni lako, pedali (vile visanduku vya miguuni vya kubadilisha sauti) ni zako, nyuzi unanunua mwenyewe, na ukiumwa hakuna wa kukulipa. Kwa hiyo bei yako inabeba vitu ambavyo zamani bendi ndiyo ilivibeba.

Sasa nyimbo 18. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Una siku 14. Siku 9 za kwanza jifunze nyimbo mbili kwa siku, moja asubuhi na nyingine jioni. Siku 5 zilizobaki piga orodha nzima kwa mpangilio wa shoo, ukiwa umesimama, mkanda begani, bila kusimamisha wimbo hata ukikosea. Kujifunza umekaa kitandani ni tofauti kabisa na kupiga umesimama saa moja na nusu. Gitaa linashuka, pembe ya kiganja inabadilika, na vile ulivyovizoea vinapotea.

Kabla hujagusa gitaa, mwombe kiongozi wa bendi mambo matatu kwa maandishi: orodha ya nyimbo kwa mpangilio wake, ufunguo ambao mwimbaji anaimbia jukwaani, na kama kila wimbo utapigwa kama ulivyorekodiwa au kuna mpangilio mpya. Hilo la ufunguo usilichukulie poa. Waimbaji wengi wanashusha nusu toni au toni nzima jukwaani, kwa sababu sauti iliyorekodiwa vipande vipande studio siyo itakayobeba shoo ya usiku wa saba mfululizo. Mpiga kinanda atabonyeza kitufe cha kuhamisha na kuendelea. Wewe huna kitufe.

Kila wimbo uandikie karatasi moja, isizidi moja. Sikiliza kwanza besi na ngoma ya mguu, upate kordi. Kisha hesabu baa, yale mafungu ya mapigo, kwa kawaida manne manne: utangulizi baa 8, ubeti 16, kiitikio 8, na kuendelea. Andika gitaa linaingia wapi na linanyamaza wapi. Andika kile kipande cha gitaa au kinanda ambacho mashabiki wanakijua kwa moyo, na hicho ujifunze noti kwa noti bila kuongeza pambo lako. Mwisho andika wimbo unaanzaje na unaishaje. Rekodi nyingi huishia kwa kufifia, na jukwaani hakuna kufifia. Bendi isipokubaliana mapema nani anahesabu mwanzo na nani anatoa ishara ya mwisho, utawaona wanatazamana mbele ya watu huku kila mmoja akimalizia kwa wakati wake.

Umesema unasoma sol-fa. Huo ni mtaji mkubwa kuliko unavyodhani. Studio za Nashville, Marekani, wanamuziki huandika kordi kwa namba badala ya herufi, mtindo ulioanza huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Na wewe tayari unao: do ni 1, re ni 2, mi ni 3, fa ni 4, so ni 5, la ni 6. Wimbo unaokwenda do, so, la, fa uandike 1 5 6 4. Ukiambiwa "leo tunapiga G", unapata G, D, Em, C. Mwimbaji akiamka na mafua na kusema tushuke hadi F, karatasi yako haibadiliki hata nukta moja. Inakuwa F, C, Dm, B♭. Mwenye karatasi ya herufi atakuwa anafuta na kuandika upya nyuma ya jukwaa.

Kuijua namba hakutoshi kama vidole vimezoea G, C na D tu. Bongo fleva na nyimbo za kwaya hukaa sana kwenye A♭, E♭ na B♭, funguo ambazo mpiga gitaa anazikimbia. Dawa ni kupiga kordi za noti tatu kwenye nyuzi tatu nyembamba. Chukua A♭. Nitataja kwa mpangilio wa uzi wa tatu, wa pili, wa kwanza, na namba ni freti: A♭ ni 5-4-4, E♭ ni 3-4-3, Fm ni 5-6-4, D♭ ni 6-6-4. Hiyo ndiyo 1 5 6 4 nzima, na mkono haujatoka kati ya freti ya 3 na ya 6. Tazama kutoka Fm kwenda D♭: ni uzi wa tatu peke yake unaosogea freti moja. Hakuna uzi wazi hata mmoja, kwa hiyo ukisogeza umbo zima freti moja juu umepata A, mbili umepata B♭. Fanya mazoezi ya maumbo hayo dakika 20 kila siku, kila siku ufunguo mpya, na kwa siku 12 umezunguka funguo zote. Fundi mwenye maumbo haya mkononi hababaiki akiambiwa tunashuka nusu toni.

Kuna faida nyingine ya nyuzi tatu nyembamba, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Bendi ya bongo fleva ya ziara kwa kawaida ina kinanda kimoja au viwili, besi, ngoma na gitaa moja. Kinanda kimeshajaza katikati, besi iko chini. Ukija na kordi za nyuzi sita, barre (kidole kimoja kubana nyuzi zote) juu ya barre, unamfunika mwimbaji na kugombana na besi, kisha fundi mitambo anakushusha sauti mpaka huonekani kwenye mchanganyiko, na unaanza kulalamika kwamba gitaa halisikiki. Halisikiki kwa sababu umeliweka mahali palipojaa. Piga juu, piga kidogo, bana nyuzi kwa kiganja, acha nafasi kati ya pigo na pigo. Mwimbaji akiimba, wewe ni rizimu. Solo ya harusini, ile ya kujibu kila mstari wa mwimbaji, iache Tabora. Kwenye nyimbo 18 huenda ukapewa nafasi ya solo mbili. Hizo zipige kwa moyo wote.

Uliza pia kama shoo inaendeshwa na trak za kompyuta, yaani muziki uliorekodiwa unaocheza pamoja na bendi. Kama ndiyo, mpiga ngoma atakuwa na klik (mlio wa kuhesabu mapigo) sikioni, na huenda na wewe utawekewa. Anza kufanya mazoezi na metronomu leo, tena iweke igonge kwenye pigo la 2 na la 4 tu, uone kama unaikimbia. Jambo la kuangalia: prodyuza mwingine huwa amepandisha au kushusha kasi ya biti na sauti ikasogea nayo, kwa hiyo wimbo haukai sawasawa kwenye A ya hezi 440. Ukisikia gitaa lako liko sawa kwenye tyuna lakini linapishana na trak, si masikio yako. Pima trak, weka tyuna kwenye hezi zilezile, na iandike kwenye karatasi ya wimbo huo.

Vifaa sasa. Usikope hela ununue gitaa jipya kwa ajili ya ziara. Gitaa moja la umeme linalokaa kwenye tyuni linatosha, ila lipelekwe kwa fundi, au ulifanyie mwenyewe hivi: weka nyuzi mpya za 10 hadi 46 (unene kwa maelfu ya inchi), zivute kwa mkono mara kadhaa huku unatyuni mpaka ziache kushuka. Bana uzi wa kwanza kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7 au 8. Inatakiwa iwe karibu milimita 0.25, ambayo ni unene wa uzi wako wa kwanza wenyewe, kwa hiyo kipande cha uzi kinatosha kuwa kipimo. Kwenye freti ya 12, uzi wa kwanza uwe juu kwa takriban milimita 1.6 na wa sita milimita 2. Mwisho linganisha haromoniki (mlio wa kugusa uzi bila kuubana) ya freti ya 12 na noti yenyewe ya freti hiyo. Noti ikiwa juu, rudisha kiti cha uzi nyuma, ikiwa chini kilete mbele.

Ukitoka Tabora wakati wa kiangazi, gitaa limekauka. Dar kuna unyevu wa pwani, na shingo itajikunja kidogo ndani ya siku moja mbili. Usikimbilie kuzungusha nondo ya shingo, kile chuma cha ndani kinachoinyoosha, usiku uleule uliofika. Ipe siku mbili, pima tena, ukizungusha iwe robo ya mzunguko tu, kisha subiri. Nondo iliyolazimishwa ikikatika, shingo imekufa.

Kwenye begi dogo weka seti tatu za nyuzi, na nyuzi za kwanza tano za ziada kwa sababu hizo ndizo zinazokatika. Kebo mbili za mita 6 na moja ya akiba; kebo ndefu zaidi ya hapo, kwa gitaa la kawaida, inakula ukali wa sauti. Tyuna, pleki, bisibisi ndogo, ufunguo wa nondo, tochi, utepe mweusi wa kitambaa wenye gundi, fyuzi za plagi, tester, betri za volti 9. Pedali nyingi hutumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya jeki, lakini si zote, na ukichomeka adapta iliyogeuzwa unaweza kuiunguza pedali palepale. Kila adapta ifunge karatasi yenye jina la pedali yake. Pedali zikilia mlio wa chini usioisha, sababu ya kawaida ni pedali zote kula umeme wa waya mmoja ulioungwa. Tenga zile za dijitali zipate chanzo chake.

Mikoani usitegemee kukuta amplifaya nzuri. Pedali yenye kiigizo cha spika, inayoingia moja kwa moja kwenye mikisa kupitia kisanduku cha DI (cha kuunganisha chombo na mikisa), itakupa sauti ileile Morogoro na Kigoma. Ila hakikisha kiigizo cha spika kimewashwa, la sivyo gitaa lenye ukali litalia kama nyuki ndani ya debe.

Umeme nauwekea mkazo wa pekee kwa sababu unaua. Viwanja vingi vinaendeshwa na jenereta, na mara nyingi waya wa ardhi haujaunganishwa. Amplifaya yako ikila umeme wa chanzo kimoja na mikisa ikala wa chanzo kingine, unaweza kushika nyuzi, ukasogeza mdomo kwenye mikrofoni kuitikia kiitikio, na umeme ukapita mwilini. Kabla ya kujaribu sauti, weka tester kwenye wavu wa mikrofoni na kwenye daraja la gitaa lako. Ikiwaka, usipige mpaka kosa lipatikane, hata kama watu wameshajaa. Dai vyombo vyote vya jukwaani vipate umeme kutoka chanzo kimoja chenye waya wa ardhi. Na usikubali mtu akate pini ya ardhi ya plagi eti kupunguza mlio.

Masikio pia. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha saa 8 kwa sauti ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda kwa nusu. Ukifika desibeli 100, muda salama ni dakika 15. Jukwaani kando ya ngoma unafika hapo bila shida, na shoo ni saa moja na nusu. Nunua viziba masikio vya wanamuziki au hata vya sponji, uvizoee wakati wa mazoezi. Sikio likianza kulia nzii usiku kucha baada ya shoo, limeshakuonya.

Kusafiri: gitaa lisiingie kwenye buti la basi. Juani buti linapata joto la kulegeza gundi, na mizigo inapangwa juu yake bila huruma. Panda mapema, liweke juu ya kiti au katikati ya magoti. Kama mtapanda ndege ndogo za mapangaboi kwenda mikoani, gitaa halitaingia kwenye kabati la juu. Liwe kwenye kasha gumu, nyuzi zilegezwe kidogo, kichwa cha gitaa kizungushiwe nguo kisicheze ndani. Piga picha namba ya gitaa na ya kila pedali, uzihifadhi kwenye barua pepe yako.

Haya, hela. Usihesabu shoo 9. Hesabu siku. Ziara ni siku 21, na tuseme mazoezi ni siku 5, jumla 26. Hizo siku 26 huko Tabora hazitakuingizia kitu. Kwa hiyo kwanza andika kile unachopata kwa mwezi sasa hivi kwa harusi na kazi nyingine. Hicho ndicho sakafu, na chini yake unakwenda kufanya hasara. Kisha panga bei ya mafungu matatu: siku ya shoo, siku ya safari au ya kukaa, na siku ya mazoezi. Kwa mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: shoo 9 kwa shilingi 60,000 ni 540,000, siku 12 zisizo na shoo kwa 20,000 ni 240,000, mazoezi siku 5 kwa 20,000 ni 100,000. Jumla 880,000. Meneja akikwambia "nakupa 60,000 kwa shoo, chakula juu yangu", sasa unaona amekata 340,000 bila kuzitaja.

Malazi, posho ya chakula na nauli viwe nje ya bei hiyo. Na nauli iandikwe ya kwenda na kurudi: Tabora hadi Dar, kisha Kigoma hadi Tabora. Ziara inaishia mbali na ofisi ya meneja, na ndiko wanamuziki wanakobaki wameduwaa stendi wakati simu ya meneja haipatikani. Kwako Kigoma ni bahati, kuna kilomita 400 na ushee tu za reli hadi nyumbani, lakini nauli yako ikae mfukoni kabla ya shoo ya mwisho. Omba nusu ya malipo kabla ya kuondoka Tabora, robo katikati ya ziara, robo iliyobaki siku ya shoo ya mwisho kabla hujapanda jukwaani. Asiyeweza kutoa nusu sasa hivi hatakuwa na nusu baadaye.

Vyote hivi viwe kwenye mkataba wa ukurasa mmoja, au angalau ujumbe wa simu ambao yeye amejibu "sawa": tarehe, idadi ya shoo, bei ya kila fungu, tarehe za kulipwa, nani analipia chumba, na nini kinatokea shoo ikiahirishwa. Hapo penye kuahirishwa, dai nusu ya siku ya shoo kama taarifa imekuja chini ya siku 3. Ongeza mstari mmoja kuhusu kurekodiwa: kama shoo itarekodiwa na kuuzwa au kuwekwa mtandaoni kibiashara, mtaongea malipo yake mbali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji, si mtunzi peke yake. Ukilipwa na kampuni rasmi watakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai hati ya makato hayo. TIN ya TRA, namba ya mlipakodi, ni bure, kaichukue kabla ya safari. Jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA (ofisi ya hakimiliki) pia, maana mapromota wakubwa na matangazo ya kampuni watakuuliza.

Studio ni mlango wa pili wa kazi hii, na huo unaweza kuufungua ukiwa Isevya kwako. Kwa kompyuta, kisanduku cha kurekodia chenye tundu la gitaa na intaneti ya wastani, unampigia prodyuza wa Dar au Mwanza bila kusafiri. Rekodi biti 24 kwa kilohezi 48, vilele vikae karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Tuma faili mbili kwa kila kipande: moja kavu kabisa kama ilivyotoka kwenye gitaa, nyingine yenye sauti uliyoipenda. Zote zianze sekunde ya sifuri ya wimbo, hata kama gitaa linaingia dakika ya pili, ili yeye aziburute tu na zikae mahali pake. Ukimtumia kipande kilichokatwa, atapoteza muda kukitafutia nafasi na safari ijayo atamwita mwingine. Faili ya mono ya dakika 4 kwa kiwango hicho ni karibu MB 35, kwa hiyo vipande vinne, faili mbili kila kimoja, ni karibu MB 280. Weka hilo kwenye gharama yako ya bando. Usitume MP3. Jina la faili libebe wimbo, ufunguo, kasi na kipande.

Bei ya studio iwe kwa wimbo, ikijumuisha marekebisho mawili. La tatu linalipiwa. Kama wewe ndiye uliyetunga ule mlio wa gitaa ambao wimbo wote unaukalia, liongelee hilo kabla ya kubonyeza rekodi, mkubaliane kwa maandishi kama unalipwa mara moja tu au unaingia kama mmoja wa watunzi. Wimbo ukishavuma, mazungumzo hayo yanageuka ugomvi.

Kuhamia Dar? Usihame kwa simu moja. Nenda mazoezini, fanya ziara, rudi. Tabora ina kazi ambayo watu wa mjini wanaidharau: kwaya. Kuanzia Tabora mjini hadi Ulyankulu kuna kwaya zenye magitaa ya umeme na zinazorekodi, na kila rekodi ni darasa la kupiga kwa kumfuata mwimbaji. Reli nayo inakupeleka Mwanza, Kigoma, Mpanda na Dar kutoka stesheni moja. Hama pale viongozi watatu tofauti wa bendi watakapokuita mara mbili mbili ndani ya miezi sita, na uwe na akiba ya kodi na chakula ya miezi minne. Lenga bendi zinazopiga laivu kweli: mahotelini, bendi za dansi, na waimbaji wanaolenga matamasha kama Sauti za Busara la Zanzibar, linalofanyika tangu 2004 na linalotaka muziki upigwe moja kwa moja jukwaani. Huko ndiko mpiga gitaa anahitajika kweli, si kuwa pambo tu.

Ziarani, mpiga besi na fundi mitambo ndio watakaokupa kazi inayofuata, mara nyingi kuliko mwimbaji. Msaidie fundi kukunja kebo baada ya shoo, chukua namba yake, mjulie hali ziara ikiisha. Mambo ya ndani ya gari yabaki ndani ya gari.

Na mwalimu wako wa kwaya mwambie leo, si siku ya kuondoka. Mtafute kijana atakayekushikia nafasi kwa siku hizo 26, mwandikie nyimbo za ibada kwa namba kama nilivyokueleza, kaa naye jioni mbili tatu kabla hujaenda. Kwaya hiyo ndiyo iliyokufikisha hapa, na ukirudi utaihitaji bado.